Bandari bila bahari: mapu ya Narvik kwenye Battlefield V

Haya jamani tuanze, projekta imekubali na umeme bado upo. Wale mnaocheza Battlefield V, ile gemu ya Vita vya Pili vya Dunia, hii picha ukutani mnaijua, hii ni mapu ya Narvik, mji wa bandari wa Norway, theluji kila kona, mabehewa yamepangwa relini, kule mwisho kreni na gati. Gemu ilitoka Novemba 2018, waliotengeneza ni DICE wa Stockholm. Sikuja hapa kuwaambia gemu sio historia, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Ninachotaka tuangalie ni vitu gani vilikatwa wakati mji wa kweli unageuzwa kuwa mapu, na nani alivikata, ni gemu yenyewe ilivyo ndio ililazimisha au kuna mtu alikaa tu akaamua. Hayo mawili huwa tunayachanganya sana.

Sasa kwanza, kwa nini watu walipigana na kufia pale mwaka 1940. Narvik iko kaskazini mno ya Norway, lakini maji yake hayagandi hata baridi iwe kali vipi, kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka Atlantiki. Ng'ambo ya milima ni Sweden, na kule kuna Kiruna, mgodi wa chuma. Wasweden wana bandari yao ya Luleå ila majira ya baridi inafungwa na barafu, kwa hiyo mzigo ulikuwa unavuka mlima kwa reli, reli iliyokamilika 1902, unapakiwa melini Narvik. Viwanda vya Hitler vilikuwa vinakitegemea hicho chuma. So yale mabehewa unayojificha nyuma yake ukisubiri mtu apite umlipue, hayo ndio sababu ya vita yote, lakini kwenye gemu ni ukuta tu wa kujikinga risasi.

Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani wakaingia na destroya kumi, yaani meli za kivita zenye kasi, nusu ya destroya zote walizokuwa nazo, kila moja imebeba askari wa milimani kama 200 hivi, wakubwa zao Bonte kwa upande wa meli na Dietl kwa askari wa nchi kavu. Norway walikuwa na manowari mbili za kizamani pale, Eidsvold na Norge. Wajerumani wakamtuma ofisa na boti kwa kapteni wa Eidsvold, anaitwa Willoch, kwamba bwana salimu amri. Willoch akakataa. Yule ofisa akashuka, boti ikasogea pembeni, ikarusha fataki ya ishara, na torpedo zikaja, yale mabomu yanayosafiri ndani ya maji. Watu 177 wakafa kwenye meli moja. Norge nayo ikazamishwa muda mfupi baadaye.

Halafu sikilizeni hapa, maana mimi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mpango wa Wajerumani ulikuwa washushe askari, wajaze mafuta, waondoke jioni hiyohiyo. Meli za mafuta zilitakiwa zifike mbili, ikafika moja tu, Jan Wellem, ambayo zamani ilikuwa meli ya kuchakata nyangumi. Inajaza destroya mbili kwa wakati mmoja, na hizo mbili zinachukua masaa mengi, foleni kama ya daladala mwisho wa mwezi, mpaka usiku ukaingia bado wengine hawajapata kitu. Alfajiri ya tarehe 10 Waingereza wakaingia na destroya tano, theluji inadondoka, mkubwa wao Warburton-Lee, wakawakuta wamelala bandarini. Bonte akafa asubuhi hiyo kwenye meli yake. Na Warburton-Lee mwenyewe akafa, Waingereza nao wakapoteza destroya mbili, Hardy na Hunter. Siku tatu baadaye wakarudi na Warspite, lile limanowari likubwa, pamoja na destroya tisa, na zile nane za Wajerumani zilizobaki hakuna iliyopona, nyingine zikazamishwa na mabaharia wao wenyewe. Kumi zimekwisha zote! Kisa foleni ya mafuta.

Sasa rudini kwenye mapu. Hayo yote niliyosimulia yametokea wapi? Majini. Na kwenye mapu ya Narvik maji ni nini? Ni mpaka. Ni pambo. Ukitoka nje ya eneo unahesabiwa sekunde urudi.

Hapa nawatetea kidogo DICE. Una wachezaji 64, 32 kila upande, wanatakiwa wakifa wafufuke wakimbie wafike kwenye bendera, yaani sehemu za kuteka, kabla hawajaboreka. Ukiweka manowari yenye mizinga pale fyodi, yaani mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, yule aliyekaa juu yake anafaidi, wengine wote kazi yao ni kufa tu. Kwa hiyo mji unafinywa, maghala yanasogezwa karibu karibu, bahari inabaki ya kuangalia. Sawa, hilo nalielewa.

Ila miamvuli? Kwenye ile operesheni ya Norway ndani ya gemu Waingereza wanaruka na miamvuli kuja kulipua mizinga ya Wajerumani. Waingereza hao wa Aprili 1940 hawakuwa na kikosi cha miamvuli hata kimoja, Churchill ameagiza kianzishwe mwezi Juni, Norway imeshaanguka. Walioshushwa na miamvuli Narvik ni Wajerumani, kwenda kumuokoa Dietl. Na Tiger! Unakutana na Tiger kwenye theluji ya Narvik, kifaru cha Kijerumani kilichoingia vitani 1942. Vifaru vilivyokuwepo kule ni vichache vya Wafaransa, Hotchkiss vidogo.

Na hao Wafaransa sasa wako wapi? Mji ulikombolewa tarehe 28 Mei na Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, kikosi cha Wafaransa chenye askari wa kutoka nchi nyingine, pamoja na Wanorway waliovuka fyodi, Wapolandi wakipigana upande wa Ankenes, usiku wa manane jua linawaka, maana kule Mei hamna giza. Wanorway wakaachiwa heshima ya kuingia mjini kwanza, mji ni wao. Kwenye mapu unachagua Mwingereza au Mjerumani, basi. Hii hailazimishwi na bendera wala wachezaji 64, hii ni mtu kaamua timu mbili zinatosha.

Mwingine ninayemkosa ni baharia wa Kijerumani. Meli zimezama, mabaharia kama 2,600 wamebaki nchi kavu, wakapewa bunduki za Wanorway zilizokutwa kwenye ghala la jeshi Elvegårdsmoen, wakaambiwa haya sasa nyie ni askari wa miguu. Jamani, hiyo si klasi tayari ya kucheza, yaani aina ya askari unayemchagua? Silaha sio yako, buti za baharini kwenye theluji, kupiga shabaha hujui. Mimi ningeicheza hiyo kila siku.

Ndio, swali, kaka hapo mbele. Anauliza kama kuweka meli kungewezekana kweli kiufundi. Kungewezekana. Battlefield 1942, ya 2002 hiyo, ulikuwa unaendesha manowari mwenyewe. Na hata mbali tusiende, Battlefield 1 ya haohao DICE, kwenye Turning Tides mapema 2018, kuna mapu ya Zeebrugge, uvamizi wa bandari ya Ubelgiji wa Aprili 1918, na destroya unaiendesha. Hata mwaka haukupita kabla ya Narvik. Kwa hiyo kaka, ujuzi walikuwa nao ndani ya nyumba, bahari waliikata wenyewe. Haya, dada kule nyuma, ongea kwa nguvu kidogo feni inapiga kelele.