Fungu la tatu kabatini: mavazi ya mapumziko kwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu

Karibuni sana. Leo nimemsimamisha mdogo wangu mbele ya kamera. Ana miaka 34, ni mhasibu. Jumatatu mpaka Ijumaa anavaa suti, na suti anaijua vizuri. Shida yake ni Jumamosi. Kabatini ana mafungu mawili tu: nguo za kazini, na nguo za kushindia nyumbani ambazo nyingine alizinunua akiwa chuo. Akialikwa mahali na bosi wake siku ya mapumziko, anachomoa moja kati ya mafungu hayo, na akifika kule hajakaa sawa. Aidha amekaza mno, aidha amelegea mno.

Tunamjengea fungu la tatu. Tutaanza juu kwenda chini, na nawaambia mapema: sehemu ndefu kuliko zote itakuwa urefu wa suruali. Mimi ni fundi cherehani, na huko kwenye mguu wa suruali ndiko ninakoona nguo nzuri zikiharibiwa kila wiki.

Uwe na kioo kirefu, futi ya fundi, pini, chaki, na viatu vyako. Viatu viwe hapo hapo karibu. Msiviache mlangoni.

Kutoa nguo kabatini sikuonyeshi, hilo unaliweza. Fulana za maandishi makubwa kifuani, za mbio, za mikutano, zipeleke kwenye mazoezi na usafi wa nyumba. Mwenye miaka thelathini na kitu hahitaji kifua chake kimsemee.

Haya, juu. Kitu cha kwanza kuangalia kwenye shati, fulana au sweta ni mshono wa bega. Geuka, mdogo wangu, wakuone. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka kwenye mkono, nguo ni kubwa. Ukipanda kuelekea shingoni, ni ndogo. Kiuno cha shati nakupunguzia, mikono nakufupishia, lakini bega ni kazi ya kulifumua shati karibu lote, na gharama yake haina maana. Kwa hiyo dukani nunua bega. Vingine tutazungumza.

Fulana: shingo ya duara, rangi moja, mkono uishie katikati ya msuli wa juu. Ingiza kiganja ndani ya kitambaa, ukivihesabu vidole vyako kwa nje, rudisha. Mimi napenda fulana ya pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba au zaidi, kwa sababu inaanguka vizuri na haionyeshi kifua. Nyeupe mbili, bluu iliyokoza moja, kijivu moja. Basi.

Fulana ya kola. Hii naipenda kuliko nguo zote za mapumziko, inamkaa mtu mzima bila kumbana. René Lacoste, yule mcheza tenisi wa Ufaransa, alianza kuivaa uwanjani miaka ya 1920, wakati wenzake wakicheza na mashati ya mikono mirefu. Mwaka 1933 akaanza kuiuza. Sasa angalieni hapa nyuma: ameirefusha nyuma kuliko mbele. Ule mkia ulikuwa na kazi, mchezaji akiinama shati lisichomoke. Kwa hiyo ukiwa na fulana ya kola yenye mkia mrefu, ichomekee. Ukitaka kuiachia nje, nunua ile iliyokatwa sawa pande zote.

Shati la vifungo hivyo hivyo. Shati la suti limekatwa refu ili likae ndani ya suruali siku nzima. Ukiliachia nje linafika mapajani, na hapo ndipo mtu anaonekana ametoka kazini akasahau kumaliza kuvua. Shati la kuachia nje linaishia katikati ya zipu mbele, na nyuma linafunika mkanda bila kuimeza mifuko yote. Mpimeni huyu... sawa, katikati ya zipu. Kola iwe laini, na kama ina vifungo viwili vidogo kwenye ncha ni bora zaidi, kwa sababu bila tai kola ya kawaida hulala chini ya jaketi.

Kitani? Ndiyo, kitavae. Kitajikunja, na hakuna dawa. Uzi wa kitani haunyumbuki, ukishapinda haurudi wenyewe. Piga pasi asubuhi kikiwa na unyevu kidogo, kisha kiache kijikunje kwa raha zake.

Subiri. Mdogo wangu, usisogee. Hebu nivute kamera karibu... Mnaona kwenye kifungo hiki cha tumboni? Mikunjo inatoka kifungoni kwenda pande nne, kama herufi X. Kwa macho nilikuwa sijaiona, kamera imeiona. Maana yake shati linambana tumboni japo bega limekaa sawa. Dawa ni shati la mkato mpana zaidi kiunoni lenye bega hilo hilo. Usichukue namba kubwa zaidi, utaharibu bega. Vua hilo, vaa lile la bluu. Hapo. Mikunjo imeondoka.

Na jambo la rangi, maadamu kamera imetusimamisha. Kwenye video hii suruali yake mnaiona nyeusi, sivyo? Ni bluu iliyokoza. Taa yangu ndiyo inaiua. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa, zikatengana ukitoka juani, kwa sababu mwanga wa taa na mwanga wa jua havina mchanganyiko mmoja. Kabla ya kulipa, ipeleke nguo mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana. Hasa bluu na nyeusi.

Kuhusu kuoanisha rangi siwachoshi. Bluu iliyokoza, kijivu, nyeupe, kahawia isiyokolea, kijani cha jeshi. Hizo tano zinavaliana zote. Ukitaka rangi kali, iwe moja kwa siku, na iwe juu.

Sasa suruali. Chukua mbili: kadeti moja na jinzi moja ya bluu iliyokoza, isiyochanika, isiyopaushwa mapajani. Jinzi ilianza kama suruali ya kazi. Ile hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya Levi Strauss na Jacob Davis ya mwaka 1873 ilikuwa ya ribiti, vile vifungo vidogo vya shaba vya kukaza mifuko isichanike. Rangi yake ya indigo inakaa juu juu ya uzi, haifiki ndani kabisa, ndiyo maana inapauka palipo na msuguano. Ukitaka ibaki imekoza, ifue ikiwa nje-ndani, kwa maji baridi, uianike kivulini.

Kiuno: vidole viwili vipite bila kubanwa. Mapaja: bana kitambaa pembeni, upate sentimita 2 au 3. Mifuko ya pembeni ikijifungua yenyewe kama masikio, nyonga zimebanwa, rudisha. Mdomo wa mguu, ukilazwa mezani, mimi naukata sentimita 18 mpaka 19 kwa mtu wa umbo hili. Chini ya hapo inakuwa suruali ya kijana wa miaka kumi na tisa, na mwenye vigimbi vinene hawezi kukaa kitini.

Tumefika. Urefu. Kama ulikuwa unasikiliza huku unafanya kazi nyingine, njoo sasa utazame.

Kwanza kabisa, ifue. Ifue kabla hujaikata. Pamba hupungua ikiingia maji mara ya kwanza, kwa sababu nyuzi zilivutwa kiwandani na maji yanaziachia zirudi. Suruali yenye mshono wa ndani, ule wa kutoka msambani mpaka mdomo wa mguu, wa sentimita 80 ikipungua asilimia 3, umepoteza zaidi ya sentimita 2. Wateja wananiletea suruali bado ina karatasi ya duka. Nawarudisha nayo nyumbani wakaifue. Wanakasirika, lakini nawarudisha.

Pili, vaa viatu. Vile vile utakavyovaa na suruali hiyo. Soli ya raba na soli ya moka hazilingani kimo. Peku hapana, ndara hapana.

Tatu, vaa mkanda, kaza suruali mahali utakapoivaa kweli. Kuna watu mbele ya fundi wanaipandisha kitovuni, wakitoka nje wanaishusha nyongani.

Nne, na hili nitalisema mpaka mnichoke: tazama mbele. Usitazame chini. Ukiinamisha kichwa kuona miguu yako, kiwiliwili chote kinainama, kiuno cha mbele kinashuka, cha nyuma kinapanda, na kipimo chote kimeshakuwa cha uongo. Ndiyo maana huwezi kujipima peke yako. Mwite mtu. Mke, jirani, mtoto mkubwa, yeyote mwenye uwezo wa kushika pini.

Haya, namchukua huyu. Simama sawa. Mikono iachie. Sasa nakunja mguu huu kwa ndani... Umetazama chini! Mnaona? Nimetoka kusema. Tazama dirishani, mdogo wangu, hesabu majani ya ule mti. Vizuri.

Ngoja nishushe kamera, miguu haionekani. Hapo mnaona? Sawa.

Kwa mavazi ya mapumziko, mbele suruali iguse kiatu kwa mbali, isijikusanye. Nyuma ishuke mpaka pale ngozi ya kiatu inapoanza juu ya kisigino. Mkunjo mmoja mdogo mbele siukatai, wapo wanaoupenda. Mimi napenda usiwepo. Mikunjo miwili, mitatu ikijazana juu ya raba, hata shati zuri la juu limepotea bure.

Bana pini moja mbele, moja nyuma, moja kila upande. Kisha mguu wa pili, upya. Usinakili kipimo cha mguu wa kwanza, nyonga za watu wengi hazilingani. Huyu kwa mfano... ndiyo, kushoto ni nusu sentimita zaidi.

Sasa atembee. Nenda mpaka mlangoni, rudi. Keti. Simama. Tazama mbele! Bado pini zinasema vile vile, tunaweka alama ya chaki.

Vua polepole, pini zinachoma. Laza mezani. Na hapa shika mkasi wako usiutumie bado. Mstari huu wa chaki ni wa KUPINDA. Si wa kukata. Narudia: chaki ni mahali pa kupinda. Pima kutoka kwenye chaki kushuka chini sentimita 4, chora mstari wa pili, huo ndio wa kukata. Ukikata kwenye mstari wa kwanza, ukishapinda suruali inapanda sentimita 4 juu ya kipimo chako na hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Mimi mstari wa kukata nauchora kwa chaki ya rangi nyingine, nyeupe wa kupinda, nyekundu wa kukata, ili hata simu ikiita katikati nikirudi nisichanganye. Pima tena. Umepima? Pima tena mguu wa pili. Sasa kata.

Zile sentimita 4 zinakaa ndani ya pindo. Zinaupa mguu uzito ukaanguka wima, na siku ukinunua kiatu chenye soli nene unazo akiba za kushusha. Kupinda kwenyewe ni kazi ya kawaida: pasi, pini, mshono. Hiyo nina video yake, siirudii.

Viatu haraka haraka. Raba za ngozi nyeupe, bila maandishi mengi, zifutwe kila zikivaliwa. Moka za kahawia. Ukipata buti fupi za swedi, utazivaa na kadeti na jinzi zote. Raba za kukimbilia ziache zikimbie, chini ya kadeti hazikai. Soksi za moka ziwe zile fupi zisizoonekana, na zivaliwe kweli, ngozi ya kiatu inaoza kwa jasho.

Mkanda: sentimita 3.5 upana unatosha, wa suti ni mwembamba zaidi na unang'aa, usiuazime. Tundu la katikati ndilo la kufungia. Kama unafungia la mwisho, nunua mwingine au uniletee nikutobolee.

Jaribio la mwisho tunalifanya kwa mwili, kioo kiacheni. Inua mikono juu, tumbo lisionekane. Chuchumaa. Keti, funga kamba za viatu. Beba mtoto au begi zito. Mdogo wangu anachuchumaa... mnasikia? Kimya. Hakuna mshono unaolia. Huyu anaweza kwenda kwa bosi wake.

Kadeti hii aliyovaa nimeishona mimi. Naipokea oda kwa vipimo vyako, na kila moja inaondoka hapa ikiwa imeshafuliwa mara moja. Tuma kiuno, nyonga, mshono wa ndani, na unitajie kiatu utakachovaa nacho. Usipotaja kiatu nitakuuliza, na mkasi sitaugusa mpaka unijibu.