Kuseti injini ya baiskeli ya mipigo miwili: isikilize plagi kabla ya kununua chochote

Karibu, mtazamaji. Hii hapa mbele yako ni injini ndogo ya mipigo miwili, ile inayofungwa katikati ya fremu ya baiskeli. Leo tunaiseti ivute vizuri zaidi, na ibaki nzima. Wengi wakitaka mwendo hukimbilia kabureta kubwa na eksozi ya kisasa. Nakuomba usubiri. Nguvu nyingi unayoitafuta imo humu humu ndani, imezibwa na mpangilio mbaya wa mafuta na hewa.

Kabla hujashika spana, kagua breki zote mbili. Baiskeli iliyokuwa ikisimama vizuri kwa mwendo wa pedali huenda isisimame kwa mwendo wa injini.

Tuanze na mchanganyiko. Injini hii haina oili ya kwake chini. Oili yake ni ile unayoichanganya na petroli. Ukitaka 25 kwa 1, lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili ya mipigo miwili. Pima kwa chombo chenye alama, usikadirie kwa macho. Na ukishachagua kipimo, baki nacho, kwa sababu ukiongeza oili unapunguza petroli inayopita kwenye jeti, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, na kazi yote ya kuseti inaharibika.

Sasa hewa. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha jeti mara tatu nikitafuta kosa kwenye kabureta, kumbe hewa ilikuwa inaingia kwenye gasketi ya bomba linaloshika kabureta. Pistoni ikanata kwenye silinda. Iliniuma sana, kwa sababu dalili nilikuwa naisikia kila siku: nikirudisha mafuta, yaani nikiachia kishikio cha mwendo, injini inaendelea kulia juu kwa muda kabla ya kushuka.

Kwa hiyo washa injini, iache ingurume taratibu, kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kuzunguka maungio ya bomba hilo na pale kabureta inapobanwa. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Zima, fungua, weka msasa juu ya kipande cha kioo, halafu sugua uso wa bomba mpaka ung'ae sawasawa kote. Funga kwa gasketi mpya. Ona huu wangu, ulikuwa umepinda kiasi cha kupitisha mwanga.

Plagi: toa, safisha, pima mwanya. Milimita 0.6 hadi 0.7 inatosha. Kama plagi imechakaa weka mpya ya ukubwa ule ule na joto lile lile.

Sasa fungua kifuniko cha juu cha kabureta. Sindano hii ina mifereji midogo, na klipu imekaa kwenye mmojawapo. Ukipandisha klipu, sindano inazama zaidi na petroli inapungua. Ukishusha klipu, petroli inaongezeka. Sindano ndiyo inayotawala unapovuta mafuta nusu nusu. Injini ikikohoa na kutoa moshi mzito hapo katikati, petroli imezidi: pandisha klipu mfereji mmoja. Mmoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Mafuta ukiyafungua yote, mwenye kazi ni jeti kuu. Ili kuipima, weka plagi safi, tafuta barabara iliyo wazi, vaa helmeti. Injini ikiwa imepata moto, vuta mafuta yote kwa muda mfupi, halafu kwa mkupuo mmoja bonyeza kitufe cha kuzima na ushike klachi. Usirudishe mafuta kwanza ndipo uzime, rangi ya plagi itakudanganya. Simama, subiri ipoe kidogo, itoe.

Nasogeza kamera. Rangi ya kahawia kama hii ndiyo tunayoitaka. Nyeusi yenye unyevu, jeti ni kubwa. Nyeupe, simama hapo hapo, usiendeshe tena hata kidogo: petroli ni chache, na petroli ikipungua oili nayo inapungua, pistoni inapata joto bila kulainishwa. Weka jeti kubwa zaidi. Ukiwa huna uhakika kati ya jeti mbili, chagua iliyo kubwa. Utapoteza nguvu kidogo, lakini pistoni utabaki nayo.

Hali ya hewa nayo ina neno. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito, kwa hiyo jeti iliyokaa sawa mchana wa joto inaweza kuwa ndogo. Ukipanda milimani ni kinyume chake, hewa inakuwa nyepesi na injini inaanza kukohoa.

Eksozi nayo ifungue, ukwangue masizi ya oili mdomoni mwake.

Mwisho, acha injini ipoe kabisa. Kisha kaza nati nne za hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, bila kumaliza moja kabla ya nyingine. Mtikisiko huzilegeza, kwa hiyo zishike tena baada ya safari yako ya kwanza.