Scipio wa Culzean: Mhadhara Kuhusu Kasri Moja la Pwani ya Uskoti

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jina la mahali tunapokwenda leo linaandikwa Culzean, lakini wenyeji hulitamka "Kaleini". Hiyo zedi ni mabaki ya herufi ya zamani ya Kiskoti, msiijali.

Kasri hili limesimama ukingoni mwa genge huko Ayrshire, magharibi ya Uskoti. Chini yake kuna mapango na mawimbi. Ukiingia sebule ya duara na kusogea dirishani, unaona kisiwa cha Ailsa Craig kimejitokeza baharini kama chungu kilichofudikizwa. Mawe ya kuchezea mchezo wa kwenye barafu uitwao kaling huchongwa kwa matale ya kisiwa hicho.

Msanifu wake alikuwa Robert Adam. Alianza kazi mwaka 1777 kwa ajili ya David Kennedy, Erli (cheo cha ukabaila) wa 10 wa Cassillis. Hakubomoa mnara wa kale wa ukoo wa Kennedy. Aliuvika jengo jipya. Adam huyo huyo ndiye aliyechora majengo ya shamba la kasri, mabanda na maghala yakizunguka ua, kwa mawe yaliyochongwa vizuri kama ya kasri lenyewe. Nalipenda sana shamba hilo, kwa sababu linasema wazi kilichoilisha nyumba kubwa: mifugo, nafaka, na kodi za wapangaji. Hata hivyo fedha hazikutosha. Msanifu na erli walifariki mwaka mmoja, 1792, na erli akaacha deni zito.

Wageni wengi husimuliwa habari za Eisenhower, jenerali wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, aliyetengewa makazi ya ghorofa ya juu mwaka 1945, ukoo ulipoikabidhi mali hii kwa National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya Uskoti. Ni habari ya kweli. Mimi lakini nimekuja kuwasimulia mtu mwingine.

Alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita, kutoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Alikamatwa, akauzwa, akavushwa hadi visiwa vya Karibi. Huko akanunuliwa na Kapteni Andrew Douglas, aliyemleta Uskoti. Walimwita Scipio, jina la jemadari wa Kirumi aliyeipiga Carthage, mji wa Afrika. Jina alilopewa na mama yake halimo katika karatasi yoyote tuliyo nayo. Mwaka 1705 binti wa kapteni, Jean, aliolewa na John Kennedy wa Culzean, na kijana akaenda naye. Huko ndiko alikopata jina la Kennedy.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1725 iliandikwa hati ya kumwachia huru. Na katika hati hiyo hiyo, mtu aliyeachiwa huru anakubali kutumikia familia ile ile miaka 19 zaidi, kwa pauni 12 za Kiskoti kwa mwaka, pamoja na mavazi. Pauni 12 za Kiskoti zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Nimeisoma hati hii mara nyingi, na kila mara nasita hapo penye 19. Angekataa, angekwenda wapi? Ni mwaka 1778, miaka 53 baadaye, ndipo mahakama ya Uskoti ilipokuja kutamka kwamba sheria ya nchi haiutambui utumwa.

Scipio alioa, akapata watoto, akazeeka palepale. Alifariki 1774. Kwa hiyo ngazi za mviringo zinazopigwa picha leo hakuzipanda kamwe. Alizozipanda ni zile za mnara wa kale uliofichwa ndani ya kuta za Adam.

Kaburi lake liko Kirkoswald, kijiji cha jirani. Jiwe linasema alikuwa na miaka 80, na kwamba limesimamishwa na mwanawe. Mwana huyo aliitwa Douglas, jina la yule kapteni.