Gongo, Kinanda na Maikrofoni

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Marekani, kwenye besiboli. Ila Kombo amegoma kufundisha sheria.

KOMBO: Sheria mtazidaka njiani, dada. Mimi nataka sauti. Watu husifu kamera, lakini mchezo huu uliingia majumbani kupitia masikio. Agosti 5, 1921, redio KDKA ya Pittsburgh ilirusha mechi ya kwanza ya ligi kuu. Televisheni ilikuja Agosti 26, 1939, pale uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, kwa kamera mbili tu. Mtangazaji Red Barber hakuwa hata na skrini ya kumwonyesha kinachokwenda hewani. Alikuwa akichungulia taa ya kamera ipi inawaka, ndipo ajue aseme nini.

REHEMA: Na timu ikicheza ugenini?

KOMBO: Hapo ni kiini macho kabisa. Enzi hizo kumsafirisha mtangazaji na kukodi laini kulikuwa ghali, kwa hiyo anabaki studioni. Telegrafu inaleta vifupisho, mpokeaji anavichapa kwenye kikaratasi, anampenyezea. Kijiti kikigongwa kwenye ubao, hilo ndilo gongo limepiga mpira. Kelele za mashabiki zinatoka kwenye santuri.

REHEMA: Gongo la besiboli, jamani, siyo lile la kunywa.

KOMBO: Ahsante kwa ufafanuzi. Basi Ronald Reagan, kabla ya siasa na hata kabla ya sinema, alifanya kazi hiyo miaka ya 1930 katika redio WHO, Des Moines, akitangaza mechi za Chicago Cubs. Kwa simulizi lake mwenyewe, siku moja telegrafu ilikatika mpigaji akiwa tayari amesimama. Vituo vingine vilikuwa na mechi hiyohiyo, akikiri tu kwamba laini imekufa wasikilizaji wanahama. Ikabidi ampigishe mpigaji mipira ya kutoka nje ya mstari, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika kadhaa.

REHEMA: Ujanja wenyewe ni huo. Mpira wa namna hiyo hauingii kwenye rekodi ya matokeo. Mpigaji akishakuwa na straiki mbili, yaani makosa mawili kati ya matatu ya kumtoa, anaweza kuitoa nje hata mara kumi na bado hajatolewa. Angebuni kitu kingine chochote, gazeti la kesho lingemuumbua.

KOMBO: Laini iliporudi, kumbe mpigaji alikuwa ametolewa kwa mpira wa kwanza kabisa!

REHEMA: Tuje kwenye picha ya sasa. Ile tunayoizoea, mgongo wa mrushaji huku mpigaji akitutazama, inatoka kamera iliyo nyuma ya uwanja wa kati, upande wa mbali unaomkabili mpigaji, mita 120 na zaidi kutoka kwa mpigaji. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Ukitegemea maikrofoni ya kamera hiyo, mlio wa gongo unachelewa theluthi moja ya sekunde na ushee. Kwenye televisheni inayoonyesha picha 30 hivi kwa sekunde, mpira unakuwa umeshaondoka picha kumi nzima ndipo usikie "ko!"

KOMBO: Ndiyo maana maikrofoni za kunasa gongo huwekwa karibu na mpigaji. Matokeo yake wewe uliye sebuleni unausikia mlio huo sambamba na picha, tofauti na aliyelipa kiti cha mbali uwanjani.

REHEMA: Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowaumbua waimbaji wa wimbo wa taifa kabla ya mechi. Mwimbaji anasimama karibu na mpigaji, spika kubwa ziko ng'ambo ya uwanja. Sauti yake inamrudia imechelewa. Akiisubiri, anapunguza mwendo. Inachelewa tena, anapunguza tena, mpaka wimbo unaburuzika kama gari bovu. Dawa ni spika ndogo za masikioni zinazoleta sauti moja kwa moja kutoka kwenye mixa, mashine ya kuchanganya sauti. Tatizo, wengi huchomoa moja wapate kusikia umati, na hapo ndipo wanapotea.

KOMBO: Na fundi wa matangazo?

REHEMA: Anachukua maikrofoni ya mwimbaji kwa waya wake, halafu anashusha maikrofoni za umati wakati wa kuimba. Akizisahau juu, zinanasa spika za uwanja na wimbo unasikika mara mbili. Mstari wa mwisho ukikaribia, anazipandisha taratibu. Akichelewa, unaona watu wanashangilia kama mabubu.

KOMBO: Nilitegemea utamtaja mwimbaji José Feliciano. Oktoba 1968, Tiger Stadium, Detroit, mechi ya tano ya fainali. Kipofu, gitaa lake, na wimbo wa taifa kwa mahadhi yake mwenyewe. Malalamiko yalimiminika. Ukiusikiliza leo, ni uimbaji wa upole tu.

REHEMA: Kinanda nacho kina kesi yake. Wrigley Field, uwanja wa Chicago Cubs, walikileta Aprili 1941, wa kwanza katika ligi kuu, mwaka ambao redio zilikuwa na mgogoro na chama cha watunzi wa nyimbo. Mpiga kinanda ilibidi anyamaze kabla matangazo hayajaanza, maana maikrofoni ingenasa nyimbo zisizoruhusiwa hewani.

KOMBO: Lakini kikipigwa kwa wakati wake! Boston, Oktoba 1975, mechi ya sita ya fainali, awamu ya 12. Carlton Fisk anaupiga mpira juu kabisa. Mpiga picha yuko ndani ya ubao wa matokeo, na kwa maelezo yake kulikuwa na panya karibu naye, hakuthubutu kuizungusha kamera kuufuata mpira. Akabaki na Fisk anayepunga mikono, akiusukuma mpira kwa ishara usitoke nje ya mstari. Ukaingia, na John Kiley akafungulia "Hallelujah" ya Handel kwenye kinanda.

REHEMA: Wanaopenda kuzima sauti ya runinga wakasikiliza redio, tuwape nini leo?

KOMBO: Mkitazama mtandaoni, mara nyingi redio itatangulia. Fungua redio kwenye programu inayoweza kusimamishwa. Subiri usikie "ko!", simamisha papo hapo, kaa macho kwenye picha, gongo likigusa mpira achia. Ikibaki tofauti kidogo, acha sauti ichelewe kuliko itangulie. Masikio yamezoea radi kuja baada ya umeme.