Chakula cha Lamu na Saa Zake: Kutoka Jikoni hadi Kibandani

SHEE: Asalamu aleikum, wasikilizaji wetu popote mlipo. Leo mimi na Bi Zuhura tumekaa hapa Lamu kuzungumza juu ya chakula cha kila siku, kile ambacho mtu hukila pasipo harusi wala shughuli, nyumbani kwake au kwenye kibanda cha jirani, kwa fedha ambazo hazimwachi na majuto. Bi Zuhura, najua una msimamo wako katika jambo hili.

ZUHURA: Waaleikum salaam, Kaka Shee. Msimamo wangu ni kwamba kula vizuri katika mji huu hakutegemei wingi wa pesa, bali kunategemea kuijua saa. Kila chakula kina wakati wake na mpishi wake, na wakati huo ukishapita hakuna sufuria inayokungoja. Mgeni anayeamka saa nne asubuhi akaanza kutafuta mbaazi ataambiwa zimekwisha, kisha ataishia kwenye mkahawa wa kitalii unaotazama bahari, alipe mara kadhaa zaidi, na aondoke akiamini kwamba alichokila ndicho chakula cha Lamu. Jambo hilo huniuma, kwa sababu chakula chenyewe kilikuwa kichochoro cha pili, kikiuzwa kwa shilingi chache na mama aliyekipika kwa mikono yake.

SHEE: Basi tuianze siku mahali inapoanzia, na hizo mbaazi.

ZUHURA: Mbaazi za nazi kwa mahamri ndicho kifunguakinywa cha pwani yetu nzima, lakini kazi yake huanza usiku. Mbaazi kavu hurowekwa, na unga wa mahamri hukandwa kwa tui, sukari, iliki na hamira, kisha hufunikwa ili uumuke. Kabla ya adhana ya alfajiri mpishi ameshainjika mbaazi zake, kwani hazistahili kutiwa nazi mpaka ziive kiasi cha kupondeka kati ya vidole viwili bila kutumia nguvu. Nazi ndiyo inayowatenga wapishi. Mkono wa mtu utaujua kwa jinsi anavyolitia tui.

SHEE: Hapo tueleze kwa utulivu, maana wapo wasikilizaji wetu wanaolitia tui lote kwa mara moja, moto ukiwa mkali, kisha wanashangaa mbona mchuzi wao haufanani na wa pwani.

ZUHURA: Nazi ikishakunwa kwa mbuzi hutiwa maji machache ya vuguvugu na kukamuliwa, likatoka tui la kwanza, zito, linaloganda kwenye kijiko, hilo huwekwa kando na halisogezwi karibu na moto. Chicha huongezwa maji na kukamuliwa tena, na tui jepesi linalopatikana ndilo linaloziungia mbaazi pamoja na vitunguu, chumvi, na pilipili mbichi nzima ambayo haifai kupasuka, kwa kuwa tunataka harufu yake zaidi kuliko ukali wake. Tui zito huingia mwisho kabisa, makaa yakiwa yamepunguzwa, na mpishi hukoroga bila kuacha, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, na hakuna dawa ya kulirudisha. Likitulia na kushikana na mbaazi, sufuria huepuliwa papo hapo.

SHEE: Na kwenye karai la pili mahamri yanasubiri.

ZUHURA: Hayo hukatwa pembe tatu, na yakiwa ndani ya mafuta mpishi huyamwagia mafuta ya moto juu kwa upawa, ndipo yanapovimba na kuwa na uwazi ndani. Baada ya hapo sufuria hutolewa hadi kwenye daka la nyumba, na watoto wa mtaa huanza kuja na mabakuli, kila mmoja ametumwa na mamake na anajua amri yake: mahamri mangapi, mbaazi za kiasi gani. Mimi nauhesabu huu kuwa mlo wa nyumbani hata kama umenunuliwa, kwa maana umepikwa kwenye jiko la nyumba, kwa nazi iliyokunwa asubuhi ile, na muuzaji na watoto wake wanakula kutoka sufuria hiyo hiyo. Kwa hiyo nawaomba wageni wetu watoke mapema, wafuate watoto wenye mabakuli, na wabebe chombo chao wenyewe.

SHEE: Kwetu Malindi, nilikokulia, utaratibu ni huo huo, ila vibanda vya karibu na soko huongeza chapati na maharagwe kwa ajili ya watu wa bodaboda na mafundi wanaohitaji tumbo lishike hadi adhuhuri. Watu wengi humsikia mgeni akiisifu Malindi kwa vyakula vya Waitaliano waliohamia pale, na ni kweli wapo na vyakula vyao ni vizuri, lakini anayeishia huko hajakula Malindi. Hajaonja sima pamoja na mboga za majani za Wagiriama zilizopikwa kwa nazi, chakula ambacho mimi binafsi nakiweka juu ya vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa.

ZUHURA: Umenikumbusha kwamba mengi tunayoyaita ya kwetu yamesafiri. Muhogo, mahindi, nyanya na hata pilipili hizi zote asili yake ni bara la Amerika, na zilifika kwenye pwani hii baada ya Wareno kuanza kupita. Nahodha wao, Vasco da Gama, alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498. Leo mtu akikwambia muhogo wa nazi si chakula cha Mswahili utamshangaa.

SHEE: Turudi Lamu, na tufike asubuhi ya saa tatu au nne, wakati wa samaki. Soko la mjini liko kando ya Ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, na hapo unakuta changu, tafi, pono, tewa na kolekole, kulingana na bahari ilivyotoa. Mnunuzi makini hutazama macho yaliyo maangavu na mashavu yaliyo mekundu ndani, kisha hubonyeza mnofu kwa kidole aone kama unarudi. Kwa samaki wa kupaka mimi huchagua changu wa ukubwa wa sahani, humpasua mgongoni na kumlaza wazi, nikampaka chumvi, ndimu, thomu, yaani kitunguu saumu, na tangawizi iliyotwangwa, nikamwacha ayanyonye. Makaa yakishaacha moshi na kufunikwa na jivu jembamba, namweka upande wa ngozi kwanza. Wakati huo tui zito linapikwa taratibu pamoja na ukwaju, manjano na pilipili hadi linakuwa rojo, na hilo ndilo linalopakwa juu ya samaki, safu baada ya safu, kila safu ikikauka kidogo kabla ya nyingine kuongezwa. Wengi hupaka mara moja wakaona wamemaliza. Safu ya pili na ya tatu ndizo zinazotoa ile ladha ya kuungua kidogo pembeni.

ZUHURA: Na wasikilizaji wajue kwamba hilo halipatikani kwa bei ile ile mwaka mzima. Kaskazi inapovuma, kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari hutulia na hata vyombo vidogo hutoka nje ya mwamba; lakini kusi ikikaza katikati ya mwaka, wavuvi wengi hubaki ndani ya mikoko na mikono ya bahari, samaki hupungua na bei hupanda. Nyumba iliyozoea hujiandaa. Hapo ndipo ng'onda anapopata heshima yake: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, ambaye hurowekwa apunguze chumvi, kisha akapikwa kwa nazi na vipande vya embe bichi. Nimesikia vijana wakimwita chakula cha shida, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwani embe lile hukata chumvi ya samaki na nazi ikaviunganisha vyote viwili, na wali unaoliwa na mchuzi huo hauhitaji kitu kingine.

SHEE: Tuseme sasa juu ya mchana na hizi hoteli zetu ndogo, zenye meza ndefu na mabenchi, ambazo msafiri anayevuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, akishuka kwenye mashua hukimbilia.

ZUHURA: Shauri langu la kwanza ni kwamba usiagize kwa kutazama ubao wa ukutani, kwa sababu ubao huorodhesha vyakula vya mwaka mzima ilhali jikoni kuna sufuria tatu au nne. Uliza, “Leo mmepika nini?” Utakachotajiwa kwanza ndicho kilichopikwa kwa wingi na kitakachokuwa kipya: wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki, wali kwa maharagwe ikiwa mfuko umebana, na Ijumaa katika hoteli nyingi ni biriani au pilau. La pili, fika mapema, adhuhuri isikupite sana, kwa maana mchuzi wa nazi unaopashwa moto mara kwa mara hukatika. La tatu, omba ukoko. Wali unapokaribia kuiva hupaliwa makaa juu ya kifuniko, na ile tabaka iliyoshika chini ya sufuria, ya rangi ya dhahabu na yenye mafuta ya nazi, mara nyingi haiuzwi. Hupewa mwenye kuiomba kwa adabu.

SHEE: Mimi kila ninapoletewa sahani hiyo humkumbuka Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu, kaskazini ya hapa, alieleza alivyoandaliwa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Mtu aliyekula Lamu jana ataitambua meza hiyo, na achari ya ndimu bado iko pembeni, ingawa siku hizi imewekwa kwenye kopo la plastiki na hailipiwi.

ZUHURA: Hailipiwi, nao ni ukarimu ambao nautaka udumu. Lakini lipo jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni tui la pakiti. Naelewa kwa nini mwenye hoteli analitumia: nazi imepanda bei, na mtu wa kukuna nazi nyingi kila asubuhi lazima alipwe. Hata hivyo, ladha yake ni moja siku zote, na halina ule utamu mwepesi wa nazi iliyovunjwa dakika chache zilizopita. Mteja akiuliza kwa upole ni nazi ya kukuna au ya pakiti, na akawa radhi kuongeza shilingi kidogo kwa ya kukuna, mwenye hoteli atakuwa na sababu ya kuendelea nayo.

SHEE: Alasiri tuipite upesi, kwani inajulikana: viazi karai, bhajia na sambusa, vyote na chatne ya ukwaju, na kwa wazee waliokaa barazani kahawa chungu kutoka kwenye dele, pamoja na tende au halua. Usiku ni mishkaki juu ya makaa. Mimi hununua pale ambapo nyama inachomwa nikiwa nimesimama, wala si iliyochomwa ikawekwa kando.

ZUHURA: Nami naongeza mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama unaookwa ndani ya tanuri la udongo, ambao ukipatana na mchuzi wa nyama wenye maji mengi hushibisha kuliko mkate wowote wa dukani. Waokaji wake wamepungua, kwa hiyo ukimpata mmoja, mwulize siku anazooka na uzifuate.

SHEE: Tumepokea swali la msikilizaji anayekuja Lamu mwezi wa Ramadhani. Anauliza kama atapata chakula, ikiwa saa zote ulizozieleza zinageuka.

ZUHURA: Zinageuka kweli, na mchana hoteli nyingi hufungwa, mgeni asiyefunga na ale faraghani alikofikia, ndiyo heshima ya mji. Lakini kuanzia baada ya swala ya alasiri barabara hujaa meza za vitumbua, kaimati, mkate wa sinia, mkate wa kumimina, sambusa na maji ya ukwaju, na wengi wa wauzaji ni wale wale akina mama wa mbaazi. Anunue kabla ya magharibi, kwa sababu adhana ikilia hakuna atakayebaki mezani kumhudumia. Na kama nyumba aliyofikia ni ya watu wa hapa, jirani akileta sahani iliyofunikwa kawa, asiirudishe tupu; aweke japo tende chache.

SHEE: Hilo la sahani msikilizaji wetu alizingatie sana. Ahsante, Bi Zuhura.

ZUHURA: Ahsante nawe, Kaka Shee. Wiki ijayo, inshallah, tutakuwa Shela tukizungumza na wavuvi juu ya pweza na jinsi ya kumlainisha.