Picha si Pambo: Alois Carigiet na Nyumba za Guarda

Ndugu zangu, wanaonifahamu wameshajua ninakoelekea, maana hili nimelisema sana na sitachoka kulisema: picha katika kitabu cha mtoto si pambo. Shahidi wangu leo ni Mswisi, Alois Carigiet, aliyezaliwa Trun mwaka 1902 katika familia ya wakulima yenye watoto 11.

Ya ujana wake nayapita. Mnajua alijifunza upambaji kule Chur, akaenda Zürich, akawa hodari wa mabango na mandhari ya jukwaani, na mwaka 1934 akawa miongoni mwa walioanzisha Cabaret Cornichon, kikundi cha maigizo ya kejeli. Kazi alikuwa nayo, jina alikuwa nalo. Akayaacha, akahamia Platenga, kitongoji cha milimani huko Obersaxen.

Sasa nisikilizeni. Mwandishi Selina Chönz alitunga kwa Kiromanshi, mojawapo ya lugha za Uswisi, hadithi ya mvulana Ursli, na picha zake akazichora Carigiet. Tarehe 1 Machi watoto wa Engadin, bonde la milimani huko Uswisi, huzunguka kijijini wakipiga kengele za ng'ombe kuyafukuza majira ya baridi. Ursli akapewa kengele ndogo kuliko zote, maana yake atembee nyuma kabisa. Akakumbuka kengele kubwa iliyotundikwa kwenye kibanda chao mlimani, akapanda peke yake thelujini, usiku ukamkuta huko huko. Wazazi hawakulala.

Carigiet angeweza kubuni kijiji chochote. Hakufanya hivyo, alikwenda Guarda, kijiji cha Engadin, akakaa, akachora. Fungueni ukurasa wenye nyumba ya Ursli. Ukuta mnene, dirisha limezama ndani, kingo zake zinapanuka kuja nje. Na yale maua ukutani hayakupakwa kwa brashi. Fundi wa kule hupiga lipu ya kijivu, akaipaka chokaa juu, na kabla haijakauka akaikwaruza mpaka kijivu kitokeze. Yote hayo yamo kitabuni.

Najua kuna anayesema moyoni: mtoto wa miaka mitano atajuaje ukuta uliokwaruzwa na uliopakwa rangi? Jamani! Mtu mzima akishamaliza maneno hufunua ukurasa. Mtoto bado yuko dirishani, anahesabu maua. Mdanganye hapo, uone kama atakuamini utakapomwambia theluji ilimfika Ursli kiunoni. Tena Carigiet hakuwa mwenyeji wa Engadin. Hata Kiromanshi cha kwao ni lahaja nyingine. Ndiyo sababu alikwenda kutazama. Sisi tuliozaliwa pwani tunachora ngalawa haina hata yale magogo yake ya pembeni, halafu tunalalamika watoto hawapendi vitabu.

Kitabu kilitoka mwaka 1945. Baadaye, kuanzia 1965, akaandika na maneno mwenyewe, kwanza kuhusu mbuzi watatu na mchungaji wao Maurus. Vitabu hivyo vilistahili saa nzima, na muda umenibana. Michoro yake ya ukutani katika mji wa Stein am Rhein nayo tuiache.

Moja siiachi. Medali ya Hans Christian Andersen, tuzo ya kimataifa ya vitabu vya watoto, ilianza mwaka 1956 kwa waandishi tu. Miaka kumi, mchoraji hayumo! Mwaka 1966 ndipo ikatolewa ya kwanza ya wachoraji, na aliyepewa ni Carigiet. Wachapishaji mliokaa mstari wa mbele, mmekuja na vitabu vyenu vipya. Viinueni juu, mnisomee jina la mchoraji kwenye jalada. Kabla ya maswali ya ukumbini, naanza na hilo.