Kinachoua siyo baridi, ni jasho: nimepasua pori la Catskills peke yangu kwenye theluji

Shikamooni wakubwa zangu wote mnaoangalia, wadogo zangu mambo vipi, wa Mbagala, Tandika, Kinondoni, Kigamboni, wote nawasalimia. Leo video ni ndefu kidogo kwa hiyo kama bando ni dogo shusha ubora wa picha usikilize sauti tu, maana ninachotaka kusema leo ni cha kusikiliza zaidi.

Tangu niweke zile picha za mlimani kila mtu ananiuliza kitu kile kile, we mtoto wa Dar, umekulia kwenye joto la Februari lile la kulala na feni inazunguka usiku kucha, unaendaje kupanda mlima wa barafu peke yako, baridi si itakuua? Na mama ndo kabisa, akinipigia WhatsApp anaanza na hilo kabla hata sijamaliza kumwamkia. Sasa jibu langu ni hili na naomba mlishike kwa sababu linaweza kukusaidia hata ukiwa hapo hapo Bongo: kule juu hatari kubwa siyo baridi peke yake, ni baridi kukukuta umelowa. Na mtu anayetembea mlimani analoweshwa kwanza na jasho lake mwenyewe.

Ngoja niwaelezee kwanza nilikuwa wapi. Catskills ni milima iko kaskazini mwa jiji la New York, kama saa mbili na nusu hivi kwa gari. Kwa urefu siyo mirefu, mrefu kuliko yote unaitwa Slide una mita 1,274 tu, sisi tuna Kilimanjaro mita 5,895 pale, kwa hiyo mtu akiangalia namba anaona huu ni mchezo. Lakini ule mlima wetu una njia, una mwongozaji, una wapagazi, una watu mbele yako na nyuma yako. Huku kuna chama cha wapandaji kilianza 1962, wana orodha ya vilele vilivyozidi futi 3,500, yaani kama mita 1,067, sasa hivi viko 33 maana 2021 viwili viliondolewa, viko kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenyewe akafunga. Na katika hivyo vilele kuna ambavyo havina njia kabisa. Hakuna kibao wala alama kwenye mti, unaacha njia ya watu unaingia porini na dira yako na ramani unapasua mwenyewe mpaka ufike. Mi nilienda viwili vya namna hiyo, Lone na Rocky, vimefuatana kwenye mgongo mmoja wa mlima, halafu nikashuka upande wa mto.

Kwa nini wakati wa theluji? Hili naulizwa sana. Kiukweli mi naona msitu wa winta ni bora kwa mtu anayejua anachofanya. Majani yamepukutika unaona mbali, upupu na vichaka vinavyokamata miguu vimefunikwa chini, dubu wamelala kwenye mapango yao, na nyayo zako mwenyewe ziko nyuma yako zinakuonyesha ulikotoka. Shida kubwa ni mchana kuwa mfupi. Januari huku jua linazama saa kumi na moja kasoro, yaani muda ambao hapo Dar watu bado wako ofisini, huku giza linaanza kuingia. Kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani nilishaamua, saa nane kamili mchana popote nitakapokuwa, nageuka, hata kama kilele nakiona kwa macho.

Nilifika Denning, ndo barabara inapoishia, saa moja asubuhi, kipimo cha gari kinasoma chini ya sifuri nyuzi 14. Pale mwanzo wa njia kuna kisanduku kina daftari, unaandika jina, unaenda wapi, unarudi lini. Naandika kila mara bila kuruka, ni hilo daftari askari wa misitu watalifungua wakianza kukutafuta. Na nilishamtumia dada yangu ramani yenye mstari niliopanga kupita, na nina kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe kule ambako simu haishiki. Mtu akikwambia anaenda peke yake halafu hakuna anayejua yuko wapi, mwambie huko ni kupotea, hajaanza tu.

Sasa hapa kwenye gari ndo pa kuangalia. Mnaona natetemeka? Nimevua jaketi kubwa nimelitia kwenye begi makusudi, nimebaki na fulana ya sufu na koti jepesi la kuzuia upepo. Unatakiwa uanze safari ukisikia baridi, kwa sababu dakika 10 tu za kupanda mwili unawaka, na ukiwa umejifunika kama watu wanavyodhani inabidi ujifunike, unatoka jasho linaingia kwenye nguo, halafu ukisimama kupumzika lile jasho linageuka adui. Maji yanatoa joto mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Na pamba ndo mbaya kuliko zote, fulana ya pamba ikishalowa inakaa na maji yake haikauki imekushikilia tu mwilini. Kwa hiyo hakuna pamba, hata soksi, hata ile ya ndani kabisa. Sufu au polista.

Maji ya kunywa nayo nayaweka chupa kichwa chini miguu juu, barafu inaanza kuganda kule juu kwa hiyo ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Simu inakaa mfuko wa ndani karibu na ngozi, baridi inaimaliza chaji. Chakula, tende, kashata na korosho alizonitumia mama, hivi hata vikipoa bado vinatafunika, chokoleti huku inakuwa jiwe. Na chupa ya chai imejaa tangawizi yenye sukari ya kutosha.

Basi, mpaka kilele cha Table kuna njia yenye alama, hiyo sina cha kusema sana, mlima ni mkali, nilikuwa nasimama nafungua zipu ya shingoni, navua kofia, natembea taratibu mpaka pumzi inarudi. Mwendo wangu kule ni wa kuweza kuongea bila kuhema. Nikihema napunguza, siangalii saa, kwa sababu kuhema ni jirani wa jasho.

Baada ya Table nikaiacha njia. Hapa ndo kazi ilipoanza, tazameni hii picha. Kule juu kumejaa miti ya balsamu, ndo hiyo hiyo miti ya Krismasi mnayoiona ya plastiki Kariakoo mwezi wa kumi na mbili, sasa fikiria imebanana bega kwa bega, matawi yamekaza kama meno ya kitana, na kila tawi limebeba theluji, ukiligusa tu linakumwagia yote shingoni. Sasa mnaona mtego uliopo? Ukivaa koti la kuzuia maji unatoka jasho ndani, ukilivua theluji inakuyeyukia kwenye nguo, kote unalowa. Mi ninachofanya navaa koti la nje lakini ndani naondoa nguo moja, zipu za makwapani wazi, halafu natembea polepole kuliko nilivyotembea kwenye njia. Nilitumia zaidi ya saa nzima kwa kipande ambacho kwenye ramani ni kidole kimoja tu.

Na kuna mashimo. Theluji inafunika miti midogo, chini inabaki uwazi, juu unaona uwanja safi, ukikanyaga unazama mpaka kiunoni na kiatu kipana cha theluji kinanasa chini kwenye matawi. Ukiwa peke yako hapo usipambane, ukipambana unatoka jasho na nguvu zinaisha. Unakaa, unapumua, unachimba kwa mkono polepole mpaka kiatu kinaachia. Nilizama, nikachimba, nikaendelea.

Dira pia ina adabu yake huku, sindano inakaa kushoto ya kaskazini ya kweli kwa nyuzi kama 12 au 13, usiporekebisha kwenye msitu kama huu unaweza kushuka bonde lingine kabisa.

Lone nilifika saa sita mchana. Juu kuna kopo limefungwa kwenye mti, ndani kuna daftari, waliofika wote wameandika majina. Nikaandika langu na Dar es Salaam, kwa penseli, kalamu ya wino inaganda. Sijui niwaambieje, nililia. Kupitia upenyo kwenye miti ng'ambo ya bonde naona Slide umekaa mweupe wote. Kwenye ule mlima 1881 bwana mmoja anaitwa Eugene Bicknell alikuta ndege ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua, leo anaitwa kwa jina lake, ni ndege mdogo wa kahawia anazaa kwenye miti hii hii ya juu wakati wa kiangazi halafu baridi ikija anaruka mpaka visiwa vya Karibiani. Nilimuwaza sana pale. Yeye kakimbilia joto, mi nimetoka joto nikaja kwake hayupo.

Kitu kimoja nataka mkijue kuhusu hizi video. Mtu mwili ukipoa chini ya nyuzi 35 dalili za mwanzo siyo maumivu. Anaanza kujikwaa, vidole vinashindwa kufunga zipu, anakuwa mkali bila sababu, na maneno yanaburuzika kama amelewa, na mwenyewe hajui. Mkiwa wawili mwenzio atakuona. Peke yako nani atakuona? Ndo maana naongea na nyie njia nzima, kila kituo nawasha kamera nataja tarehe, niko wapi, naelekea wapi, halafu naisikiliza. Maneno yakitoka yamenyooka najua kichwa kiko sawa. Halafu nagusanisha dole gumba na kidole kidogo, mkono huu na huu, kikishindwa kufika navaa kila kitu nilichonacho nakunywa chai nashuka. Kwa hiyo wanaosema naongea sana kwenye video, wapendwa, hicho ndo kipimo changu, na sitakipunguza.

Rocky nilifika saa saba na nusu. Ni kifupi kuliko Lone lakini msitu wake ndo mzito zaidi. Kusimama kule kuna utaratibu, kabla hata ya kukaa lile jaketi kubwa linatoka kwenye begi linavaliwa, ukisubiri usikie baridi umeshachelewa. Mbele kulikuwa na kilele kingine, Balsam Cap. Ukiangalia ramani ni karibu, na mwili ulikuwa na nguvu, na nilitamani jamani. Lakini saa nane ilikuwa nusu saa mbele na kule katikati pori linajulikana kwa kubana. Nikageuka kaskazini nikashuka mtoni. Mlima upo, Machi 21 ndo msimu wa winta wa kile chama cha wapandaji unaisha, nitarudi.

Mto unaitwa Neversink, tawi la mashariki. Nilitembea kando yake mpaka giza, maji yanapita chini ya barafu unayasikia, kipande cha mwisho na tochi ya kichwani. Sasa hapa wa Dar nisikilizeni. Maji ya huu mto yanaingia kwenye bwawa linalopeleka maji New York, milima hii na ya jirani inalisha jiji karibu maji yake yote, na sehemu kubwa hayapiti hata kwenye mitambo ya kuchuja, yanatiwa dawa na kupigwa mwanga wa kuua vijidudu basi. Inawezekana kwa sababu msitu upo. Katiba ya jimbo tangu 1894 inasema misitu hii ya serikali ibaki pori milele. Na sisi je? Maji ya bombani Dar mengi yanatoka Ruvu, na Ruvu inazaliwa Uluguru. Ile 2022 mgao wa maji ulivyotushika, mama anaamka saa tisa usiku kukinga ndoo, wote tuliangalia bomba, wangapi tuliangalia mlima? Inaniuma kwa kweli, mkaa unaungua Dar kila siku na hatuulizi mti ulikuwa umesimama wapi.

Kwa hiyo wanaoniuliza waanzie wapi, anzeni hapo. Treni ya SGR inafika Moro tangu Juni 2024, pandeni Uluguru, kilele cha Lupanga kina mita 2,138, kirefu kuliko chochote nilichopanda huku. Lipia kibali, chukua mwongozaji wa pale pale anayeijua njia, usiende peke yako, mi nimeanza na watu na nimejifunza kwa watu kabla ya haya mnayoyaona. Na usidanganyike kwamba sababu ni Tanzania hakuna baridi, kule juu kuna ukungu na mvua, umepanda umeloa jasho, upepo ukikupiga utatetemeka vizuri tu, haihitaji theluji. Fulana ya pamba acha nyumbani. Pita Karume kwenye mitumba, tafuta jaketi la polista lile laini na koti la mvua jepesi, kwenye marobota yapo, watu wanayaruka kwa sababu Dar ni joto. Begi liwe na fulana moja kavu kwenye mfuko wa nailoni, ukifika juu unabadilisha hapo hapo kabla ya kupiga picha.

Wiki ijayo naweka video ya viatu peke yake maana maswali ya viatu ni mengi mno. Anayepanda Lupanga kabla ya masika anitumie picha, nitaziweka hapa.